Fundi Komeo na Mwizi wa Saa Kumi

Gari lilitumbukia korongoni saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri, na aliyelipeleka huko alikuwa Fundi Komeo, ingawa mwenyewe aliapa kwamba alisema mapema. Alisema "kushoto nne," akasema vizuri, mdomo karibu na kipaza sauti cha hedifoni. Lakini bintiye, aliyeshika usukani katika mji mwingine, mbali sana, aliyasikia maneno hayo wakati gari limeshaiacha barabara na linabiringika juu ya mawe. Kisha likafika neno la pili, "kulia mbili, teremko," na la tatu nyuma yake, yakapandiana.

"Baba, umeniambia nimeshaanguka."

"Nimesema kabla."

"Sijasikia chochote kabla."

"Nimesema, mama. Nimesema na nikarudia."

Hakuna aliyeumia, maana gari lenyewe lilikuwa la kwenye kompyuta. Ni mchezo wa mbio za magari wa mtandaoni, wanaucheza watu wawili wawili. Mmoja anaendesha. Mwenzake hashiki usukani kabisa. Kazi yake ni kusoma njia. Dereva haoni zaidi ya vumbi na miti iliyo mbele ya pua yake, msomaji ndiye mwenye ramani, naye humtajia dereva kila kona kabla hajaifikia. Baba alikuwa msomaji, binti alikuwa dereva, na kila Jumapili saa kumi walikuwa na raundi yao kwenye ligi.

Juu ya kioo cha kompyuta ya Komeo, pembeni, kulikuwa na namba ndogo inayoonyesha neno linachukua muda gani kwenda na kurudi. Siku ambayo mtandao ni mzima ilisoma arobaini au hamsini, na muda huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Jumapili ile ilisoma mia tisa, ikapanda elfu moja na mia mbili, ikageuka nyekundu. Hiyo ni zaidi ya sekunde nzima, na kwa gari linalokwenda kasi namna ile, sekunde nzima ni kona nzima.

"Hii ni Jumapili ya tatu, baba," bintiye alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka, na Komeo aliona afadhali angekuwa na hasira. "Zimebaki raundi mbili, zote Jumapili ijayo. Ikikwama tena, nitamwomba mwenzangu wa maabara anisomee."

"Mwenzako gani huyo?"

"Wa maabara. Ni dada tu wa kazini."

"Nimeuliza tu."

"Najua unavyoulizaga, baba."

Akaaga, akatoka. Komeo alibaki ameikodolea macho ile namba nyekundu. Dakika ishirini baadaye ikashuka yenyewe hadi hamsini, kwa adabu kabisa, na hapo ndipo alipopata uhakika. Alimwambia mkewe wakati wa chakula: "Hitilafu haina kalenda. Chenye kalenda ni binadamu. Kuna mtu humu ndani ananiibia mtandao, na anaiba Jumapili saa kumi."

Mkewe aliendelea kula. Kwa miaka thelathini ya ndoa alikuwa ameshasikia habari za wezi wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona uso.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Komeo, mchonga funguo, mwenye kibanda cha bati kati ya duka la dawa na duka la fotokopi, kibanda ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mashine ya kuchonga upande mmoja, ubao wa funguo ghafi upande wa pili, kiti katikati. Miaka yake ilikuwa hamsini na sita, na zaidi ya nusu yake aliitumia kuwafungulia watu milango waliyojifungia wenyewe. Kazi hiyo ilimharibu. Mtu anayeweza kuufungua mlango wako kwa waya mbili na dakika tatu anajua kwamba mlango wako ni pambo tu, na akishajua hivyo halali usingizi wa watu wengine. Akifunga kibanda jioni alilivuta kufuli mara tatu, akaenda hatua kumi, akarudi akalivuta mara ya nne. Msichana wa fotokopi alikuwa akimhesabia kwa sauti.

Wenzake husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Komeo aliongeza la kwake: na kama haliji, basi limejificha.

Nyumbani alikuwa na kamera tano. Moja getini, moja mlango wa mbele, moja kwenye ngazi za kupanda juu alikokaa mpangaji, moja uani, na ya tano koridoni. Ile ya koridoni ndiyo iliyomfukuza bintiye, japokuwa hakuna aliyewahi kulitamka hivyo mezani.

Binti alikuwa na miaka ishirini na minne, amemaliza masomo, anafanya kazi maabara ya hospitali, na jioni nyingine alirudi akiwa amechelewa. Komeo hakumuuliza. Kuuliza kungempa mtu nafasi ya kudanganya. Badala yake alipanda kwenye kigoda, akaifunga kamera ikitazama mlango wa chumba chake, akasema wezi wa siku hizi wanapitia madirishani. Wiki mbili baadaye, kwenye kifungua kinywa, ulimi ukamteleza: "Juzi umerudi saa tatu na dakika arobaini." Juzi hiyo yeye mwenyewe hakuwepo, alikuwa upande wa pili wa mji akimfungulia mtu gari. Binti aliweka kijiko chini, akamtazama. Miezi miwili haikupita akapata kazi mji mwingine.

Siku ya kuondoka, begi likiwa mlangoni, alisema ana ombi moja tu. "Itoe ile kamera, baba. Nikija likizo sitaki kulala huku natazamwa mlango." Baba akasema sawa. Baada ya wiki akampigia simu kumwambia ameshaitoa.

Hakuitoa, na hapa hakuna la kumtetea. Kila mchana kibandani, wateja wakipungua, alifungua simu yake akautazama ule mlango uliofungwa. Alijiambia ni usalama. Ukweli ni kwamba alikuwa na hamu na mwanawe, na hakujua namna nyingine ya kuwa na hamu na mtu isipokuwa kumlindia mlango.

Kwa simu binti alikuwa mtu wa maneno matatu: nzima, kazi nyingi, msalimie mama. Mwaka mzima ulikwenda hivyo. Kisha siku moja akataja kwamba msomaji wake kwenye gemu ameacha, akauliza, nusu utani, kama baba anaweza kusoma namba haraka.

Kama anaweza! Ufunguo wowote duniani ni namba tu. Kila jino lina kina chake, kutoka moja mpaka sita, na fundi akimsomea mwenzake namba hizo kwa simu, huyo wa pili anachonga ufunguo wa mlango asioujua, na unafungua. Bintiye alikulia kibandani akisikia "mbili, nne, nne, moja, tano." Kwa hiyo kona zao wakazipa vina vya funguo. Moja ni kona unayoipita bila kuisikia, sita ni ile inayokurudisha ulikotoka. Washindani hawakuelewa namna gani mzee mwenye sauti ya kukwaruza anasoma kilomita kumi na mbili bila kukosea hata kona moja. Walikuwa wa tisa kwenye ligi, kati ya jozi mia mbili na kitu. Na baada ya mbio binti hakuaga haraka. Alibaki kwenye hedifoni anapika, anaosha vyombo, anasimulia mambo ya kazini, anacheka. Saa moja na nusu, wakati mwingine mbili. Hicho ndicho mwizi wa Jumapili alichokuwa anakiiba, na ndiyo sababu Komeo aliianza wiki ile akiwa ametoa meno.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa mpangaji wa juu, muuguzi wa kike. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu muuguzi alikuwa na miezi mitano tu ndani ya nyumba. Jumatatu jioni Komeo alibadilisha paswedi ya waifai, akaweka herufi na tarakimu kumi na tisa, akaandika kwenye karatasi, akaifungia karatasi kwenye kabati la chuma.

"Simu yangu imekataa," mkewe alisema.

"Nimebadilisha paswedi."

"Nipe basi."

"Subiri kwanza. Kwa muda tu."

"Hata mimi?" Mkewe aliinuka akaanza kukusanya sahani. "Miaka thelathini nakufulia soksi, leo nami ni mshukiwa."

"Sijasema wewe ni mshukiwa. Nimesema sijamaliza uchunguzi."

Asubuhi muuguzi alishuka akiwa na sare yake, simu mkononi.

"Shikamoo mzee. Mtandao umekataa kwangu, sijui kwenu."

"Marahaba, Sista. Mtandao una matatizo." Komeo alimtazama usoni kama anavyotazama kufuli la kichina. "Hebu niambie, Jumapili saa kumi huwa unafanya nini juu huko?"

"Jumapili saa kumi huwa niko wodini, mzee. Naingia zamu saa tisa. Si kamera yako ya getini inaniona nikitoka?"

Alipoondoka, Komeo alifungua picha za Jumapili nne, moja baada ya nyingine. Sista alitoka getini saa nane na nusu, saa nane na dakika thelathini na tano, saa nane na nusu, saa nane na dakika ishirini na nane akiwa na mwavuli. Ushahidi wa kumsafisha ulikuwa mfukoni mwake muda wote. Mtu mwingine angeona aibu. Komeo aliona kwamba mwizi ni mjanja kuliko alivyofikiri.

Jumatano aliugeukia mtandao wenyewe, kwa utaratibu, kama anavyofungua kufuli gumu, pini moja hadi nyingine. Alizima ruta, akahesabu hadi mia, akaiwasha. Aliishusha kutoka juu ya kabati la chuma, maana aliwahi kusikia kwamba chuma kinameza mawimbi, akaiweka mezani. Akaacha kutumia waifai kabisa kwenye kompyuta, akavuta waya kutoka ruta hadi mezani kwake, akaupigilia ukutani kwa misumari midogo iliyonyooka vizuri. Namba ikashuka toka hamsini hadi arobaini na tatu. Lakini hata Jumatano iliyopita ilikuwa nzuri, na Alhamisi, na siku zote ambazo hakuwa na haja nayo.

Jioni hiyo, akiwa peke yake mbele ya kioo, likamjia wazo alilolichukia tangu linaingia. Labda mwizi hakuwa ndani ya nyumba. Labda binti ndiye anayeukata mtandao upande wake. Kumwambia baba "nimekuchoka" ni kazi, kumwambia "mtandao umekwama" ni rahisi, na dada wa maabara yuko tayari anasubiri. Alikumbuka Jumapili, katikati ya mbio, binti akiuliza: "Baba, uko na mimi kweli, au unaangalia kitu kingine?" Naye akajibu, "Niko na wewe." Kumbe simu ilikuwa gotini mwake, kamera zote tano zimefunguliwa, anatafuta mwizi. Kama yeye alidanganya kirahisi vile, yeye binti angeshindwaje? Wazo hilo lilimuuma kuliko paswedi zote, akalala nalo.

Alhamisi asubuhi kampuni ya mtandao, baada ya simu tano za Komeo, ilimtuma fundi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye ngazi begani na penseli nyuma ya sikio. Komeo alikiomba kitambulisho chake, akailinganisha picha na uso, akakipindua kuona nyuma, kisha akamfuata chumba kwa chumba.

"Mzee," fundi yule alisema bila kugeuka, "nasikia wewe ni fundi wa makufuli. Nikikuita nyumbani kwangu, nikufuate hivi?"

"Ukiwa na akili utanifuata."

Fundi akacheka, akampa ngazi aishike, na tangu hapo wakaelewana kidogo. Alichomeka kompyuta yake kwenye ruta, akaiacha inatuma ujumbe mdogo kila sekunde na kuandika umechukua muda gani. Kisha akaomba kila kitu kizimwe. Simu, televisheni, kompyuta, kamera. Komeo alisita kwenye kamera. Mkewe alizichomoa yeye mwenyewe, zote tano, na namba ikasimama kwenye ishirini na nane.

"Mtandao wetu huo ni mzima," fundi alisema. "Sasa turudishe kimoja kimoja."

Simu, ishirini na nane. Televisheni, ishirini na tisa. Kamera ya geti, ya mlango, ya ngazi, ishirini na tisa. Ya uani, ishirini na tisa. Fundi alikuna kichwa kwa penseli.

"Hizi zinatuma picha saa ngapi?"

"Zikiona kitu kinatembea," Komeo alisema. "Zinapeleka kwenye mtandao, mimi nazitazama kwa simu."

"Na Jumapili saa kumi, uani kunakuwa na nini?"

Komeo alisema hakuna kitu. Mkewe alisema kuna mashuka. Jumapili ndiyo siku yake ya kufua mashuka ya nyumba nzima, anayaanika mchana, saa kumi upepo unapopanda yanakaribia kukauka, saa kumi na moja kasoro anayaanua. Fundi alimtazama mama, akamtazama mzee, akaomba shuka. Mama akaingia chumbani, akatoka na shuka la maua, wakatoka uani wawili hao, mmoja ncha hii na mwingine ncha ile, wakaanza kulipunga mbele ya kamera kama watu waliorukwa na akili. Komeo alibaki ndani akiitazama namba. Mia moja na ishirini. Mia mbili. Ikakaa hapo.

"Mia mbili," alipaza sauti dirishani.

"Mia mbili haitoshi," fundi alijibu, akiingia huku anahema. "Umesema ilifika elfu. Kuna kamera ya tano hatujairudisha."

Mkewe Komeo alikwenda koridoni mwenyewe akaichomeka. Namba ilianza kupanda bila shuka, bila mtu kutembea, hakuna kilichotikisika koridoni humo isipokuwa vumbi. Hamsini. Na mama aliporudi uani akalipunga shuka peke yake, ikafika mia tisa na themanini, ikawa nyekundu.

Fundi aliifungua mipangilio ya kamera ile, akasoma. Halafu akaeleza taratibu, maana aliona uso wa mzee umebadilika. Njia ya mtandao kuingia nyumbani ni pana, alisema, ndiyo maana filamu zinaonekana vizuri na hakuna anayelalamika. Njia ya kutoka ni nyembamba. Kamera hii ya koridoni haisubiri kitu kitembee. Imewekwa itume muda wote, mchana na usiku, kwa picha safi kabisa, na inakula zaidi ya nusu ya njia. Siku za kawaida inabaki nafasi ya kupita. Mashuka yakianza kupepea, kamera ya uani nayo inamwaga picha zake, njia inajaa, na sauti yako inapanga foleni nyuma ya picha. "Na ukifungua simu kuzitazama, unaongeza foleni."

"Nilikuwa nazitazama," Komeo alisema.

"Basi umejiibia mwenyewe, mzee. Kikulacho ki nguoni mwako, na chako kiko kwenye mashuka." Alicheka, lakini wenyeji hawakucheka naye. "Hii ya hapa inalinda nini?"

"Mlango."

"Ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni chumba cha binti yetu," mkewe alisema. "Alishahama."

Fundi aliirudisha penseli nyuma ya sikio. Alisema ya uani igeuzwe isione kamba, na hii wanaweza kuiwekea picha za kawaida, au waizime tu, hilo si la kampuni. Akasaini karatasi yake, akabeba ngazi, na Komeo hakumfuata mpaka getini.

Mkewe alisubiri geti lifungwe. "Nilikwambia uitoe. Nilikwambia mara ngapi?" Kisha akarudi kulikunja shuka.

Komeo aliichomoa kamera ya koridoni kwenye umeme, akaiacha ukutani. Ile ya uani akaigeuzia ukuta wa jirani. Jioni alimwandikia mkewe paswedi, akaandika na karatasi ya pili, akapanda ngazi akagonga kwa Sista.

"Nilikuwa mimi, mzee?" Sista aliuliza, akiisoma karatasi.

"Hapana. Hukuwa wewe."

"Asante kwa kuja kuniambia," Sista alisema, akafunga mlango polepole.

Ikaja Jumapili. Mashuka yalikuwa kambani, yamejaa upepo, na namba ilisoma ishirini na nane. Komeo alivaa hedifoni robo saa kabla, akafuta kioo kwa mkono wa shati, akaangalia namba tena.

"Upo, baba?"

"Nipo."

Njia ya raundi ya kwanza ilikuwa na kona sitini na tatu. Alizisoma zote. "Kulia tatu, jiwe ndani. Kushoto tano, usikate. Moja, moja, kulia sita." Sauti yake ilikuwa inafika kabla ya kona, na binti alikuwa anaingia kwenye vumbi asiloona mbele yake bila kugusa breki, namba inasemwa na gari linakata, namba inasemwa na gari linakata, mpaka Komeo akasahau kwamba kuna kioo kati yao. Walimaliza wa nne. Binti alikuwa anacheka kwa pumzi za juujuu kama alivyokuwa akicheka utotoni akibebwa mgongoni, na baba alikuwa anacheka pia, jambo ambalo mkewe alilisikia jikoni akaacha kuosha vyombo.

"Wa nne, baba. Tukipata hivi raundi ya pili tunaingia fainali. Dakika tano tunaanza." Akanywa kitu. "Kumbe ilikuwa nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Alikuwa ameliandaa tangu Alhamisi: kampuni, waya wa nje, walikuja wakabadilisha. Lilikuwa jibu zuri, na hata lilikuwa na fundi ndani yake na ngazi.

"Kampuni walituma fundi," alianza.

"Afadhali. Maana baba, naomba unisamehe kitu." Sauti ya binti ilishuka. "Mimi nilikushuku. Nilidhani hukuwa na mimi. Nilidhani umekaa hapo unachunguza mambo yako kwenye simu, yale ya zamani, na mimi unanisomea nusunusu. Nilikuwa najiambia huyu hajabadilika. Kumbe mtandao tu. Nisamehe."

Komeo alikuwa amepokea radhi za watu wengi maishani, na kila mara alizipokea akijiuliza mtu anaficha nini. Hii ilikuwa safi. Alitaka kuipokea, akairudisha.

"Usiniombe radhi," alisema. "Ilikuwa kamera."

"Kamera gani?"

"Ya koridoni. Ilikuwa inatuma picha muda wote, inajaza njia. Sikuitoa, mama. Nilikwambia nimeitoa, sikuitoa. Na siku ile ulipouliza kama naangalia kitu kingine, nilikuwa naangalia."

Kukawa kimya. Komeo alitazama namba kwa mazoea, akitumaini kwa mara ya kwanza katika maisha yake kwamba kuna mtu anauiba mtandao. Ilisoma ishirini na nane. Hapakuwa na wa kumsingizia. Kimya kile kilikuwa cha bintiye, na kilikuwa kinafika kwa wakati.

"Mwaka na nusu," binti alisema. "Ilikuwa inatazama nini?"

"Mlango wako."

"Mimi sipo."

"Najua hupo." Alikaza hedifoni kwa mikono miwili. "Nilikuwa nautazama tu."

"Mama alijua?"

"Alijua. Alinisema sana."

"Kwa hiyo wote mlijua ipo. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua haipo."

"Ndiyo."

Kwenye kioo tarakimu kubwa zilianza kuhesabu kurudi nyuma, raundi ya pili inaanza. Komeo alingoja asikie ametoka. Kichwani tayari alikuwa anamsikia dada wa maabara akijifunza kusoma moja mpaka sita. Lakini gari lao la rangi ya chungwa likabaki kwenye mstari, injini inanguruma.

"Soma, baba."

"Kulia mbili," alisema, na sauti ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo akarudia vizuri. "Kulia mbili, kisha kushoto nne."

Maneno yalifika mapema, yote mawili, kabla ya kona. Binti aliyasikia. Akakanyaga breki, gari likapungua mpaka likawa linatembea, likachungulia kona ya kwanza, likaiona kwamba ni ya kulia na kwamba ni mbili, ndipo likapita. Likafika kona ya pili likafanya vilevile. Gari la kwanza likawapita kwa vumbi, kisha la pili. Komeo aliona fainali inakwenda zake. Zilikuwa zimebaki kona hamsini na nane. Alimsomea zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti ileile, na kila moja binti alisimama kwanza akaiangalia mwenyewe.